Run si kukimbia tu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kuhusu neno dogo la Kiingereza

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba run ni kukimbia, mwalimu akachora ubaoni mtoto anayekimbia, somo likaisha. Si kosa, ila ni nusu ya somo. Nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza watahiniwa, wasomaji wa mikataba, na hasa sisi tunaotafsiri habari kwa haraka. Neno la herufi tatu linaweza kuharibu aya nzima ya Kiswahili, na mara nyingi chanzo ni mambo tunayoyaamini kulihusu bila kuyachunguza.

Dhana: kukimbia ndiyo maana ya asili, nyingine zote zimebuniwa baadaye

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, neno hili lilikuwa na sura kama rinnan na irnan, na tayari lilikuwa na kazi mbili: mtu kukimbia na maji kutiririka. Kijerumani, ambacho ni ndugu yake, kiligawa kazi hizo kwa maneno mawili, rennen kwa mbio na rinnen kwa maji. Kiingereza kikaziacha zote kwenye neno moja. Kwa hiyo Mwingereza akisema pua ya mtoto ina-run, hatumii fumbo lolote. Anasema makamasi yanamtoka, kwa maana kongwe kabisa ya neno lenyewe.

Kanga mpya ukiiloweka beseni moja na shati jeupe, ukirudi utakuta shati lina madoa mekundu. Kwa Kiingereza rangi imekuwa ikifanya run. Kwetu kanga imetoa rangi, au imechuja. Ni kutiririka kulekule. Run ya bomba, ya machozi, ya wino kwenye karatasi iliyolowa, zote ni maji yanayofuata njia yake.

Mfano mzuri zaidi uko kaskazini mwa Virginia, Marekani. Tarehe 21 Julai 1861, karibu na Manassas, majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipambana katika vita vikubwa vya kwanza vya nchi kavu vya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Watu wa Kaskazini waliviita Bull Run. Jeshi la Kaskazini lilishindwa na askari wake wakarudi Washington kwa vurugu, basi msomaji huhitimisha kwamba jina limetokana na watu kutimua mbio, au na fahali fulani aliyekimbia. Bull Run ni kijito. Katika sehemu hizo za Marekani, Virginia, Maryland, Pennsylvania, Ohio, vijito vingi vina jina linaloishia na Run, na kijito hiki kilikuwa na jina lake kabla ya risasi ya kwanza kulia. Jeshi la Kusini lilipendelea kuvitaja vita hivyo kwa jina la Manassas. Ukiona Run kwa herufi kubwa kwenye ramani ya huko, fikiria maji.

Kutoka kwenye maji neno likahamia kwenye kila kinachokwenda mfululizo bila kukwama: kamba kwenye kapi, mashine za viwandani, treni kwenye reli, saa, na mwishowe programu za kompyuta. Hapa Kiswahili kina jibu zuri ambalo watafsiri wengi wanalisahau, nalo ni kuendesha. Anaendesha duka, anaendesha kampuni, anaendesha mafunzo. Basi lenye run kila saa linatoka kila saa. Injini yenye run inawaka. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayekimbia.

Dhana: neno lenye maana nyingi kuliko yote kwa Kiingereza ni set

Lilikuwa hivyo, kwa kipimo cha kamusi moja. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililochapwa mwaka 1989 kwa majuzuu 20, kitenzi set kilichukua takribani maneno 60,000, kikiwa na maana 430 peke yake na 580 ukijumlisha misemo. Vitabu vya maajabu vikainukuu sifa hiyo, na maswali ya chemsha bongo yanaendelea kuirudia. Lakini wahariri walianza kuiandika upya kamusi yote, na kuanzia mwaka 2000 wakawa wanatoa sehemu zilizokamilika kwenye intaneti, wakianzia herufi M. Make likawa na maelezo marefu kuliko set, mwaka 2007 put likalipita make, na mwaka 2011 run likayapita yote: maana 645 kwa kitenzi peke yake. Mhariri Peter Gilliver alilifanyia kazi kwa takribani miezi tisa. Miezi tisa kwa neno moja! Naiheshimu sana kazi ya namna hiyo, na natamani kitenzi chetu piga kingepata mtu wa kukikalia hivyo.

Hesabu hizo zisomwe kwa uangalifu. Kamusi ile ni ya kihistoria, inaweka pia maana zilizokufa karne nyingi zilizopita, na wahariri wake hukata maana vipande vidogo sana. Kamusi ya mwanafunzi ina sehemu ndogo tu ya maana hizo kwa neno lilelile. Hakuna mzungu anayetembea na maana 645 kichwani.

Dhana: wingi wa maana ni ushahidi kwamba Kiingereza kina utajiri kuliko Kiswahili

Mwaka 1945 mtaalamu wa Marekani George Kingsley Zipf alionyesha kwa hesabu kwamba neno linalotumika mara nyingi huwa na maana nyingi. Maneno mafupi ya kila siku hubeba mizigo kila mahali. Tunapiga simu, pasi, picha, kura, deki, magoti, hodi, mbizi na mswaki, na mtoto wa miaka mitano hachanganyikiwi, kwa sababu anasikia neno linalofuata.

Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike, kwa sababu linaokoa muda mwingi wa kukariri: maana ya run inakaa kwa majirani zake. Tazama ni nani anayefanya, na ni nini kinachofuata. Mto? Unatiririka. Mkataba? Unadumu. Mtu na duka? Anaendesha. Mtu na bunge? Anagombea. Gazeti na habari? Linachapisha. Run ikifuatwa na into, kuna njia panda: rafiki, umekutana naye bila kutarajia, ukuta, umeugonga, matatizo, yamekukuta.

Dhana: ni neno la mtaani, halifai kwenye maandishi rasmi

Mahakama zinalitumia kila siku, zikiwemo zetu zinazoandika hukumu kwa Kiingereza. Mtu akihukumiwa miaka mitatu kwa kosa la kwanza na mitatu kwa la pili, na hakimu akaandika kwamba vifungo vita-run concurrently, atavitumikia kwa pamoja, yaani miaka mitatu. Pakiandikwa consecutively, kimoja kinafuata kingine na jumla ni sita. Mfasiri anayeteleza hapo anamwongezea mtu miaka mitatu ya jela kwenye gazeti. Katika sheria za ardhi za Kiingereza kuna sharti linalo-run na ardhi, yaani linamfunga hata atakayeinunua baadaye.

Lile neno running stomach, ambalo Afrika Mashariki tunalitumia kwa tumbo la kuendesha, halina matusi wala uhuni ndani yake. Ila daktari wa London huenda asilielewe mara moja, mwambie diarrhoea.

Dhana: penye run lazima kuna miguu

Katika kriketi, mpira ukivuka mpaka wa uwanja baada ya kudunda, mpigaji anapewa run nne, yaani pointi nne. Ukivuka bila kugusa ardhi, anapewa sita. Anaweza kusimama palepale akiegemea gongo lake. Lakini kwenye besiboli ya Marekani miguu inahitajika: mpigaji aliyeurusha mpira nje ya uwanja kwa home run bado anatakiwa kuzunguka na kugusa vituo vyote vinne ili pointi ihesabiwe.

Kwa benki, run ni wateja wengi kudai fedha zao kwa pamoja kwa hofu kwamba benki itaanguka. Septemba 2007 wateja wa Northern Rock nchini Uingereza walipanga foleni nje ya matawi. Machi 9, 2023, wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa njia za kielektroniki, na kesho yake benki ikafungwa. Kuandika "mbio za benki" kunamwacha msomaji gizani. Andika kwamba wateja wameikimbilia benki kutoa fedha zao, sentensi iwe ndefu kidogo lakini ieleweke.

Uchaguzi nao una mtego wake. Mwanasiasa wa Marekani ana-run, wa Uingereza kwa kawaida anafanya stand, na wote wawili wanafanya kitu kilekile. Nasi tunasema anagombea, au amesimama jimbo fulani. Running mate lilitoka kwenye mashindano ya farasi: farasi wa pili wa zizi lilelile, aliyeingizwa uwanjani ili amwekee mwenzake kasi. Tafsiri yetu, mgombea mwenza, haikumbeba farasi huyo, na hakuna mpiga kura wa Tanzania wala Kenya aliyewahi kumhitaji.