Kutolewa Hoover sio mwisho wa msimu

Wengi wanaofatilia besiboli ya vyuo Marekani wanaamini timu ikitolewa kwenye kombe la konferensi ya SEC (kundi la vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani) basi msimu wake umeisha. Hapana jamani. Kombe hilo lilianza 1977, tangu 1998 makao yake ni Hoover, Alabama, na bingwa anapata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa yenye timu 64, ila nafasi nyingine nyingi zinagawiwa na kamati inayoangalia msimu mzima, umecheza na nani, umemfunga nani.

Angalieni 2022. Ole Miss, yaani timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi, walimaliza ligi ya SEC na ushindi 14, vipigo 16, wakaenda Hoover wakachapwa 3-1 na Vanderbilt mechi ya kwanza tu, wakafunga mabegi. Kamati ikawachukua, yaani waliingia kwa mlango wa mwisho kabisa, na Juni wakabeba ubingwa wa taifa kule Omaha, zinakochezwa hatua za mwisho za mashindano ya taifa, mara yao ya kwanza! Tennessee sasa, waliobeba kombe Hoover na walikuwa namba moja nchi nzima, wakatolewa na Notre Dame hapohapo nyumbani kwao Knoxville, Omaha hawakufika.