Kupanua kipilefti hakumalizi foleni

Hoja ni ileile kila mradi: "Kisiwa cha katikati kikiwa kikubwa, magari mengi zaidi yatapita." Jamani, kipilefti si bwawa. Foleni iko mlangoni.

Anayeingia humpisha aliye ndani, kanuni iliyoanza Uingereza mwaka 1966. Kwa hiyo uwezo wa mkono, yaani barabara moja inayoingia, unategemea magari yanayokatiza mbele yake. Mwongozo wa Marekani wa 2016 wa kukokotoa uwezo wa barabara, kwa leni moja, unasema magari yanayoweza kuingia kwa saa ni 1380 × e^(−0.00102V), V ikiwa ni magari hayo yanayokatiza kwa saa, na e ni namba ya kudumu, kama 2.718. V ikiwa 600, yanaingia 748. Ikifika 1000, yanaingia 498. Kipenyo kiko wapi hapo? Waingereza hukiingiza kwenye mlinganyo wao, lakini kwao pia upana wa mlango na urefu wa sehemu inayotanuka kabla yake ndivyo vyenye nguvu.

"Basi weka leni mbili." V ikiwa 1000, leni mbili huingiza kama 1145. Karatasini. Asilimia 80 ya madereva wakibana leni moja kwa sababu wote wanaelekea upande mmoja, leni hiyo hujaa mkono mzima ukiwa umepitisha magari 700 hivi. Ile nyingine inapunga upepo. Umelipia leni mbili, umepata isiyofika hata moja na nusu, tena na mgongano mpya: wa leni ya ndani anatoka akimkatiza wa nje anayeendelea kuzunguka.

Turbo ya Waholanzi, kipilefti chenye leni zilizotenganishwa, hutibu hilo la mwisho. Dereva huchagua leni kabla ya kuingia, na vituta humzuia kuhama. Sehemu za kugongana ni 10. Njia panda ya kawaida ya mikono minne ina 32, kipilefti cha leni moja 8. Ila mishale ikichorwa karibu mno na mlango, dereva hugundua kosa akiwa tayari ndani, na hapo huparamia kituta. Na mgawanyo usio sawa wa leni turbo haiufuti.

Mkono mmoja ukimwaga magari bila kukatika, unaofuata hufa njaa. Weka taa kwenye huo mkubwa, ziwake nyekundu foleni ya jirani inapofika kwenye kitambuzi cha magari.

Sasa aibu yetu sisi tunaopiga hesabu hizi. Toleo la 2010 la mwongozo uleule lilianza na 1130, si 1380. Sidhani madereva walibadilika kiasi hicho kwa miaka 6. Vipimo ndivyo vilivyoongezeka. Kwa hiyo ripoti inayosema muundo mmoja unaushinda mwingine kwa asilimia 5 siibishii wala siikubali, mpaka nione hesabu ya magari leni kwa leni, saa ya msongamano.