Ukaazi wa Kudumu Uingereza: Hesabu Siku Zako Kabla ya Kutuma Ombi

Februari 2022 Uingereza ilifungua viza kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa. Wakenya, Watanzania na Waganda waliokuja kwa njia hiyo walikuwa na hesabu moja: miaka mitano ya kazi, kisha ukaazi wa kudumu. Hesabu hiyo imetikiswa. Mei 2025 serikali ilitoa waraka wa sera uliopendekeza kipindi cha kawaida kiwe miaka 10. Novemba 20 mwaka huohuo Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akafafanua: wenye kazi zisizofikia kiwango cha shahada, wahudumu wa wazee wakiwemo, wangoje miaka 15, ilhali madaktari na wauguzi wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, wabaki kwenye mitano. Kilichowashtua wengi ni kwamba pendekezo liliwagusa hata waliokwisha kuingia nchini, maadamu hawajapata ukaazi.

Tangu hapo swali linalotufikia kituoni ni moja: "Naweza kuwahi kutuma ombi kabla kanuni hazijabadilika?" Unaweza kuwahi siku 28 tu kabla ya kutimiza kipindi chako. Ukituma mapema kuliko hapo ombi hukataliwa, na ada hairudi. Ada yenyewe ilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 3,029 kwa kila mtu, na mtoto hulipiwa sawa na mkubwa. Kwa hiyo anayekuahidi kukushikia nafasi kabla ya muda anazitaka fedha zako. Muulize kama ni wakili aliyeidhinishwa au amesajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila idhini ni kosa la jinai.

Panapoumiza watu zaidi ni siku walizokuwa nje ya nchi. Kikomo ni siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote inayofuatana, wala si Januari hadi Desemba kama wengi wanavyodhani. Chukua mtu aliyekaa Mombasa siku 100 kuanzia Septemba, akarejea kazini, kisha akaenda tena siku 90 kuanzia Februari. Kila mwaka wa kalenda ukiuangalia peke yake hauna tatizo, lakini ndani ya miezi 12 amefikisha siku 190. Siku ya kuondoka na ya kurudi hazihesabiwi: ukitoka Jumatatu ukarudi Ijumaa, ni siku tatu. Na kama ulikawia kwa sababu ya kumuuguza mzazi mahututi au kumzika, siku hizo zinaweza kusamehewa ukiwa na ushahidi. Tafadhali, hata katikati ya msiba, omba barua ya hospitali na nakala ya cheti cha kifo. Naujua uzito wa kuomba karatasi wakati wa matanga, lakini miaka miwili baadaye ni vigumu mno kuzipata.

Mtihani wa Life in the UK, wa maarifa kuhusu Uingereza unaotakiwa kwa ombi hili, ufanye sasa. Maswali ni 24, muda dakika 45, na unahitaji kupata 18. Ukishafaulu, matokeo hayaishi muda. Hati za mishahara zitunze pia, maana mwajiri atatakiwa kuthibitisha kwamba bado anakuhitaji na anakulipa kiwango kinachotakiwa. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya udhamini, yaani kibali cha kuajiri wafanyakazi kutoka nje, kwa kawaida viza yako hupunguzwa hadi siku 60, na ndani yake umpate mdhamini mwingine. Siku ile ile utakaposikia habari hizo, tafuta ushauri.

Ombi litume kabla viza yako haijaisha. Ukifanya hivyo, haki zako za kuishi na kufanya kazi zinaendelea mpaka uamuzi utoke. Ila usisafiri. Ukitoka nje ya Uingereza, isipokuwa kwenda Ireland, Isle of Man au visiwa vya Channel, kabla ya kujibiwa, ombi huhesabiwa kuwa umeliondoa mwenyewe. Tiketi ya Krismasi nyumbani inunue baada ya jibu.