Kwa nini Shelisheli, yenye watu laki moja tu, hurudi na medali kutoka Michezo ya Afrika?

Je, wajua kwamba Shelisheli nzima, visiwa vyake vyote kwa pamoja, ina watu wapatao laki moja tu? Jiji la Arusha peke yake lina zaidi ya laki sita. Hata hivyo taifa hilo limesikia wimbo wake ukipigwa kwenye Michezo ya Afrika zaidi ya mara moja. Mwaka 2007 kule Algiers, Georgie Cupidon na Juliette Ah-Wan walitwaa dhahabu ya mpira wa vinyoya kwa timu za mwanamume na mwanamke. Mwaka 2015 kule Brazzaville, Lissa Labiche akawashinda wanawake wa bara zima katika kuruka juu.

Sisi wa Arusha swali hili linatugusa, maana mji wetu ni mji wa riadha. Pita Ngaramtoni au Ilboru alfajiri, utapishana na vijana wakikimbia kwenye vumbi kabla daladala hazijajaa barabarani. Tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mapafu hujifunza kufanya kazi na hewa haba. Mshelisheli anafanya mazoezi ufukweni. Sasa inakuwaje?

Kwanza, michezo ya bara haihesabu watu wa nchi. Katika riadha, nchi kwa kawaida haiingizi zaidi ya wanariadha watatu kwenye shindano moja. Nigeria na watu wake zaidi ya milioni 200 inaleta warukaji watatu, na Shelisheli ikiwa na mmoja aliye tayari inamleta huyo mmoja. Wakishafika uwanjani, tofauti ya milioni na laki imekwisha. Kinachobaki ni nani amevuka ufito ulio juu zaidi.

Lakini kanuni hiyo hiyo inambana kijana wetu wa mbio ndefu. Chukua mita 10,000. Kenya watatu, Ethiopia watatu, Uganda watatu: hao tayari ni tisa, na yeyote kati yao anaweza kuwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani. Hapo hujawataja Waeritrea. Mtanzania anaweza kukimbia mbio nzuri kuliko zote za maisha yake na akamaliza wa kumi. Ni kama kugombea daladala pale Kilombero saa kumi na mbili jioni: nguvu unazo, ila mlango ni mmoja na waliokutangulia ni wengi. Shelisheli wamekwenda kwenye milango yenye watu wachache: vinyoya, kuruka juu, mashua za matanga, kunyanyua vitu vizito.

Huu wa mwisho nataka tuukalie kidogo, kwa sababu ndio unaowashangaza wengi wanaposoma jedwali la medali. Mnyanyuaji hufanya mambo mawili jukwaani. Kwanza anaunyakua mtaimbo kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Baadaye anaunyanyua kwa mikupuo miwili: mpaka mabegani, anatulia, anavuta pumzi, kisha anausukuma juu na kunyoosha mikono mpaka waamuzi waridhike. Kila namna anapewa majaribio matatu, halafu uzito bora wa kila namna unajumlishwa. Kwenye Olimpiki medali hutolewa kwa jumla hiyo tu. Kwenye Michezo ya Afrika, sawa na mashindano ya dunia ya mchezo huo, kila namna imekuwa na medali zake na jumla ina zake. Msichana mmoja akiwa na siku njema anashuka jukwaani na medali tatu shingoni.

Piga hesabu. Mashindano yenye ngazi kumi za uzito kwa wanaume na kumi kwa wanawake yanazaa dhahabu 60. Timu ya soka inasafiri na wachezaji wapatao 20, inakula, inalala, inacheza wiki nzima, na ikishinda fainali inahesabiwa dhahabu moja. Kwa nchi yenye bajeti ndogo na tiketi chache za ndege, uamuzi hapo ni rahisi. Tena kwa vile washiriki wamegawanywa kwa uzito wa mwili, mtu mfupi mwepesi anapambana na wafupi wepesi wenzake.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: visiwa vile vina ngazi ya kupandia. Tangu 1979 kuna Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, inayokutanisha Shelisheli, Mauritius, Madagaska, Komoro, Maldivi, Mayotte na Réunion. Shelisheli yenyewe imeiandaa mwaka 1993 na 2011. Mtoto wa pale akianza kuruka shuleni anajua kuna mashindano ya kimataifa yanayomlingana, yenye bendera na jezi ya taifa, kabla hajakutana na Misri au Nigeria. Anajifunza kushindwa na kushinda mbele ya watu akiwa bado mdogo.

Botswana, yenye watu wapatao milioni mbili na nusu, ilichagua njia ya jirani na hiyo: mita 400. Amantle Montsho alishinda dhahabu ya mbio hizo Michezo ya Afrika 2007 na 2011. Ukiwa na wakimbiaji wanne wazuri wa mita 400 unapata pia kikosi cha kupokezana vijiti, na Septemba 2025 wanaume wa Botswana walikuwa mabingwa wa dunia wa 4x400 kule Tokyo.

Katika mashindano hayo hayo ya Tokyo, Alphonce Simbu wetu alishinda marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03. Na mwaka 1973, kwenye Michezo ya Afrika kule Lagos, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, akiwa na miaka 19, alimwacha Mkenya Kipchoge Keino katika mita 1,500. Kwa hiyo mlango wenye msongamano unapitika, na wanaoupita wanastahili heshima yote. Ninachokataa ni kumsukumia kila kijana mwenye kipaji kwenye mlango huo mmoja. Birmingham 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Tanzania ilipata medali tatu: fedha ya Simbu, na shaba mbili za ngumi za Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Ngumi nazo ni mlango mpana kidogo: wote wawili wanaotolewa nusu fainali hupewa shaba, bila pambano lingine.

Jukwaa la kunyanyulia vitu vizito ni mita nne kwa nne. Mtaimbo wa wanawake una kilo 15, wa wanaume 20. Hilo ni jambo la kuenea kwenye darasa moja la sekondari, Arusha au Moshi, likiwa na mwalimu aliyesomea mchezo huo na kalenda ya mashindano ya mkoa kila mwaka.