Baraza kwanza, ukumbi baadaye

Wiki iliyopita, katika kikao hapa Bwaise, Kampala, nimeambiwa tena: "Msanifu, tuchoree ukumbi wa watu 500, mengine tutayaona mbele." Kila mradi wa kituo cha jamii huanza hivyo, na kila mara nakereka.

Ukumbi huo hujaa siku ya harusi, msiba au mkutano wa mwenyekiti wa LC1, yaani uongozi wa mtaa. Siku nyingine zote una kufuli, na mwenye ufunguo ndiye mwenye jengo.

Ya jua na mvua nayapitia haraka. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Mabati yawekewe dari, maana mvua ya Aprili ikianza hakuna anayemsikia mwenzake.

Sasa baraza. Lugha yetu imekwisha kutuambia: baraza ni kivuli cha mbele ya nyumba, na baraza ni kikao cha watu. Lakini michoro mingi ninayoletewa huliachia upana wa mita 1. Hicho ni kijia! Weka hapo mama mwenye sigiri na beseni la mandazi, watoto wanaoandika kazi ya shule, mzee kitini, na mtu apite bila kuruka miguu ya wenzake: unahitaji mita 2.5, na ukuta mfupi wa kukalia, sentimita 45 hivi. Fedha zikipungua, punguza ukumbi. Baraza usiliguse.

Halafu maji. Bwaise ni bonde, sehemu kubwa ilikuwa kinamasi. "Jaza marram, inua sakafu," husema kila fundi, akimaanisha ule udongo mwekundu wa changarawe. Nilifanya hivyo mahali fulani. Jengo langu likabaki kavu, maji yakahamia chumbani kwa jirani. Yule mama sijamsahau. Siku hizi nasimamisha jengo juu ya nguzo na kuacha uwanja uwe chini kidogo, maji yapate pa kutulia. Kama inatosha siku mfereji wa Lubigi umeziba kwa taka, sina hakika.

Choo nacho kinanisumbua. Maji ya ardhini yako juu, hivyo shimo huinuliwa na watu hupanda ngazi. Bibi mwenye magoti mabovu atapandaje? Njia ya mteremko humaliza nusu ya kiwanja.

Mchoro nimeurudisha: ukumbi wa watu 120, baraza pande tatu. Nani ashike ufunguo wa choo, bado tunabishana.