Nusu kaputi: hewa ya mgonjwa inatoka wapi, inakwenda wapi?

Mgonjwa aliyelazwa kwa nusu kaputi hupumua mwenyewe?

Wakati mwingine ndiyo. Lakini akipewa dawa za kulegeza misuli hawezi tena, na hapo hupumuliwa na mashine, au na mtaalamu wa usingizi anayebinya mfuko wa hewa kwa mkono.

Anavuta nini?

Oksijeni, mara nyingi ikichanganywa na hewa ya kawaida, pamoja na mvuke wa dawa ya usingizi kama sevofluraini au isofluraini.

Mfuko ule una kazi gani nyingine?

Ni akiba. Mtu mzima anapovuta pumzi, kwa muda mfupi kasi ya hewa inaweza kufikia lita 30 kwa dakika, ilhali mashine huenda inatoa lita moja au mbili tu. Pengo hilo huzibwa na mfuko.

Na pumzi anayoitoa?

Katika mfumo wa mzunguko, yaani mabomba yanayoirudisha hewa kwa mgonjwa, hairuhusiwi kupotea ovyo. Valvu mbili huielekeza upande mmoja tu, ikapite kwenye kopo lenye chembe za chokaa ya soda. Chembe hizo hunasa kaboni dayoksaidi, na katika kufanya hivyo hutoa joto na unyevu, jambo jema kwa mapafu kwa kuwa gesi za mitungi ni kavu mno. Oksijeni na dawa iliyobaki humrudia mgonjwa. Mwili wa mtu mzima aliyelala hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika, hivyo kumimina gesi nyingi kila dakika ni hasara.

Chembe zikichoka hubadilika rangi, mara nyingi kutoka nyeupe kuwa zambarau. Ila zikipumzika zinaweza kurudia weupe zikiwa bado zimechoka! Rangi peke yake isiaminiwe.

Watoto wadogo je?

Mwaka 1937 daktari wa usingizi Philip Ayre alieleza mrija mwepesi wenye umbo la T usio na valvu, na mwaka 1950 daktari mwenzake wa fani, Gordon Jackson Rees, akauongezea mfuko. Hauna chokaa, kaboni dayoksaidi husukumwa nje na mkondo mkubwa wa gesi mpya.

Mrija wa kupumulia wa mgonjwa yeyote ukichomoka, nani atajua?

Kipimo cha kaboni dayoksaidi katika pumzi inayotoka, ambayo shinikizo lake kwa kawaida huwa milimita 35 hadi 45 za zebaki (mmHg). Mrija ukichomoka, mchoro wake hutoweka kwenye skrini mara moja, ilhali kipimo cha kidoleni huchelewa kuonyesha kwamba oksijeni imeshuka. Kwangu mimi, kipimo hicho cha kaboni dayoksaidi ndicho kifaa cha kwanza kutafutwa na chumba chochote cha upasuaji.