Barua ya dola si pesa: yanayotupotosha tunapofuatilia mafao ya kukosa kazi Texas

Kila Jumapili baada ya ibada, hapa Fort Worth, kuna foleni mbili: ya chai na ya simu. Hiyo ya pili ni ya watu wanaoninyooshea simu zao niwasomee ukurasa wa Texas Workforce Commission, au TWC kama tunavyoiita, ofisi ya jimbo inayotoa mafao ya kukosa kazi, na swali lao ni moja: "Kaka, dai langu limefikia wapi?" Mimi si mwanasheria wala sifanyi kazi huko. Nimepunguzwa kazi ghalani mara mbili, na mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Haya ndiyo ninayoyasikia sana kwenye foleni hiyo.

"Barua ya dola imekuja, basi nimekubaliwa."

Hapa ndipo wengi wanapoponzeka. Baada ya kuomba, TWC hukutumia karatasi yenye majina ya waajiri wako, mishahara ya robo nne za mwaka (kila robo ni miezi mitatu), na kiasi cha kila wiki. Mtu akiona dola 320 anampigia mwenye nyumba kumwambia kodi iko njiani. Lakini karatasi ile inajibu swali moja tu: ukikubaliwa, utapata kiasi gani. Swali la pili, kwamba kazi iliishaje, ulipunguzwa, ulifukuzwa au uliacha mwenyewe, bado halijaguswa.

Hesabu yake haina siri. Wanachukua robo uliyopata mshahara mkubwa kuliko zote, wanaigawa kwa 25. Robo yako bora ikiwa dola 8,000, kwa wiki ni 320. Ila robo zinazohesabiwa si za juzi: ni nne za mwanzo kati ya tano za mwisho zilizokamilika. Ukiomba Agosti, wanatazama Aprili mwaka jana hadi Machi mwaka huu. Ndiyo maana mtu anaona pengo na kudhani ameibiwa.

Lakini pengo jingine huwa la kweli. Dada mmoja alikuta mwajiri wake wa mwanzo hayumo kabisa kwenye karatasi. Namba yake ya Social Security ilikuwa imekosewa tarakimu moja kwenye mahesabu ya ofisi ile. Alipopeleka hati zake za mshahara, kiasi chake kikapanda. Angeitia karatasi kabatini, asingejua.

"Dai bado linasubiri uamuzi, nami nasubiri."

Kosa hili ndilo lililonigharimu mimi. Dai ni kitu kimoja, ombi la malipo ni kitu kingine. Kila wiki mbili, siku uliyopangiwa, unatakiwa uingie mtandaoni au upige simu ya mashine, ueleze wiki zako mbili: ulifanya kibarua au hukufanya, ulipata kiasi gani, ulitafuta kazi wapi. Unafanya hivyo hata kama hujakubaliwa, na hata kama umekataliwa na umekata rufaa. Uamuzi mzuri ukija, wiki ambazo hukuziombea kwa wakati huenda zikapotea.

Mimi nilikaa kimya nikiona ni adabu kusubiri jibu. Jibu lilikuja zuri, na kwenye orodha ya malipo wiki zangu za mwanzo hazikuwepo. Sikuwa na wa kumlaumu.

Kutafuta kazi kuna hesabu yake pia. Idadi ya mara unazopaswa kutafuta kila wiki hupangwa kulingana na kaunti unayoishi, na si chini ya tatu. Iko kwenye barua zako. Andika tarehe, jina la kampuni, kazi na jinsi ulivyoomba, hata kwenye daftari la mtoto la shule. Wanaweza kukuomba orodha hiyo.

"Kimya kirefu maana yake wamenikatalia."

Si lazima. TWC humwandikia mwajiri wako wa mwisho, naye ana siku 14 za kutoa maelezo yake. Kwa kawaida uamuzi huchukua kama wiki nne. Kufungua ukurasa mara kumi kwa siku hakuusogezi.

Cha kuangalia ni mahali pengine, na hapa sisi tuna udhaifu wetu: hatupokei simu za namba tusizozijua. Tumeshatapeliwa mno. Sasa, maneno yako yakitofautiana na ya mwajiri, mtu wa TWC anaweza kukupigia akuulize, na ukimkosa bila kumrudia anaamua kwa alichonacho mezani, ambacho mara nyingi ni upande wa mwajiri. Wiki hizo pokea. Ukiwa na shaka, kata, kisha piga mwenyewe namba iliyo kwenye barua yako. Na kama ulichagua kupata barua mtandaoni, fungua sanduku lake kila siku. Boksi la chuma pale nje ya apatimenti litabaki na matangazo ya piza tu.

"Wiki ya kwanza imeandikwa sifuri, wamenidhulumu."

Hiyo ni wiki ya kusubiri. Wiki ya kwanza unayostahili hailipwi papo hapo. Hulipwa baadaye, ukishapokea jumla ya mara mbili ya kiasi chako cha wiki, na uwe umerudi kazini kwa saa kamili au umemaliza mafao yako yote. Ukiacha kuiombea kwa kuwa "hailipwi", umeiharibu.

"Kuna jamaa anaharakisha kwa dola mia."

Hakuna. Kuomba ni bure, na huyo jamaa akiwa na nywila yako anaweza kubadilisha akaunti ya benki pesa zinakoingia.

"Wamekataa, yamekwisha."

Soma tarehe barua ilipotumwa, si siku uliyoifungua. Kutoka hapo una siku 14 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kukata rufaa kwa maandishi: mtandaoni, kwa posta, kwa faksi, au kwa kufika kituo cha ajira. Huhitaji hoja za kiwakili. Sentensi mbili za kwa nini hukubaliani zinatosha kufungua mlango.

Usikilizaji wa rufaa hufanyika kwa simu. Soma barua ya wito hadi mwisho, maana kuna maelekezo ya kujiandikisha kabla ya saa yenyewe. Vielelezo vyako, kama meseji za msimamizi au barua ya kupunguzwa, vitume mapema kwa afisa anayesikiliza rufaa na kwa mwajiri. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, ila mwombe mapema. Usimtumie mwanao wa darasa la saba. Na kama Kiswahili cha mkalimani ni cha pwani na chako ni cha Bukavu, hamwelewani vizuri, sema palepale kabla hujaapa.

Siku hiyo chaji simu usiku, kaa ndani ya gari kama nyumbani kuna kelele, na daftari lako la kutafuta kazi liwe mapajani.